Mkono Ulioandika Bahasha

Kawetele, Tukuyu
14 Machi 1993

Mama Lusungu, mkamwana wangu,

Ugonile; umeamkaje huko? Huku tu wazima. Lusungu ameacha kulia, na sasa anadai kwamba ile ndege uliyopanda ni yake. Bibi yake hambishii.

Ninakuandikia kwanza ili tuweke utaratibu, maana jambo lisilo na utaratibu huharibika hata kama nia ni njema. Tangu Lwitiko akulete katika nyumba hii, wewe na mimi hatujaonana uso kwa uso wala hatujasemezana. Najua kwamba Wakristo wengi wa hapa wameuacha mwiko wa mkwe, na mchungaji wetu amenitania juu ya jambo hilo zaidi ya mara moja. Mimi sikuuacha. Nikitoka shambani hukohoa kwenye kona ya migomba, nawe hupata nafasi ya kuingia ndani. Jina langu hujalitamka. Sauti yangu umeisikia kupitia ukuta wa jiko tu. Nakumbuka zile jioni nilizomweleza mama yako mkwe habari za sumaku na umeme. Mama yako mkwe hakuwa na haja yoyote na sumaku. Aliyekuwa akipepeta mchele nyuma ya ukuta ndiye niliyekuwa nikimfundisha, na sisi sote watatu tulijua.

Nimeutafakari mwiko huo kama nilivyozoea kuitafakari kanuni kabla ya kuipeleka darasani. Unahusu uso na ulimi. Hauhusu kalamu. Waliouweka hawakuwa wakiandika, na mtu hawezi kukataza asichokijua. Basi tuandikiane.

Jambo la pili. Katika kikao cha ukoo, kabla hujasafiri, ndugu yangu Ambilikile aliuliza mbele ya watu ni lini mke wa mtu alianza kwenda Ulaya kupasua atomu huku mume anauza misumari Makandana. Watu walicheka sana. Nilisimama nikawaambia: atarudi na kipimo ambacho hakuna mtu aliyewahi kukipata kwa usahihi huo, kitachapishwa, na pale panapoandikwa jina la mpimaji litasomwa jina la nyumba hii. Maisha yangu yote ya kazi nimefundisha fizikia. Nimekichora kiini cha atomu ubaoni kwa chaki mwaka baada ya mwaka, bila kuamini kwamba kuna mtu wa milima hii atakayekigusa. Nataka kuliona jina hilo limechapishwa. Sikuombi, nakueleza nilichoahidi.

Niandikie mashine hiyo ikoje. Usirahisishe.

Isakwisa Mwaijande


Lindvik, Uswidi
9 Mei 1993

Kwa Baba, mwenye nyumba ya Kawetele,

Shikamoo. Barua yako imenifikia, na utaratibu wako nimeupokea kwa shukrani. Ndaga fijo, asante sana, kwa yale uliyoyasema kikaoni. Nilikuwa jikoni siku ile, nikachelea kupumua.

Umeniagiza nisirahisishe. Mashine yenyewe ni pipa la chuma lililosimama wima ndani ya jengo refu kuliko kanisa letu. Ndani ya pipa kuna mkanda unaozunguka mfululizo, mfano wa ile ya kiwanda cha chai, ila huu haubebi majani bali chaji za umeme, na kuzimwaga juu katika kuba ya chuma. Chaji hujilimbikiza hadi kuba inafikia volti milioni moja na zaidi. Hapo ndipo tunapoziachia protoni. Kuba huzisukuma, nazo huteremka kwa kasi kupitia bomba ambalo hewa yote imefyonzwa, kwa kuwa protoni ikikutana na hewa hupotea njia. Chini kuna sumaku kubwa inayoupinda mkondo huo na kuuelekeza kwenye shabaha yangu: kisahani cha metali kilichopakwa utando mwembamba wenye naitrojeni.

Protoni karibu zote hukosa. Mara chache mno, moja humezwa na kiini cha naitrojeni, na kiini hicho hutoa mwale wa gama. Kigunduzi kilicho kando huunasa. Kazi yangu yote, Baba, ni kusema ni mara ngapi. Inaonekana ni swali dogo. Lakini nyota zilizo nzito kuliko jua letu huungua kwa mwendo wa hatua hii moja, maana ndiyo iliyo ya polepole kuliko zote katika mfuatano wake. Anayeijua anaweza kukadiria umri wa nyota hizo.

Kiongozi wangu ni Profesa Hallgren, mzee mrefu, mpole, ambaye kipimo chake cha ujanani ndicho kilichomo katika vitabu vyote. Ninashiriki ofisi na Fred, Mganda kutoka Mbale, mcheshi kupita kiasi, anayenisaidia mambo madogomadogo.

Msalimie mama. Mwambie Lusungu ndege yake nimeitunza.

Atuganile


Kawetele, Tukuyu
22 Agosti 1993

Mama Lusungu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyofaa mtu wa umri wangu. Maelezo ya mkanda nimeyapenda. Nilikwenda kiwandani kumwonyesha Ambilikile mkanda wa majani na kumweleza wa kwenu. Akaniuliza chai inayotoka mwishoni ikoje. Nikamwambia ni miale. Akasema, "Basi Mwalimu, msiiuze kwa kilo."

Huku mambo yanabadilika. Wanasema kiwanda kitauzwa kwa watu binafsi, na kila mfanyakazi ana habari yake. Duka la Lwitiko limejaa vitu kutoka Dubai, na wanunuzi hawakosi. Zamani tulipanga foleni kwa sabuni, leo tunachagua rangi yake. Umeme ni wa mgao. Nilialikwa shuleni kuonyesha jaribio la koili, nikakuta hakuna hata volti moja. Nikawasimulia wanafunzi habari za milioni yako. Mmoja akauliza kama aliyeiwasha anatoka Rungwe kweli. Nikamjibu kwamba anatoka nyumbani kwangu.

Nina maswali mawili ya fizikia. La kwanza: una uhakika na volti za kuba? Kipimo chochote kinachotegemea volti huanza kuharibika hapo. La pili: kigunduzi chako kinapokea miale mingapi isiyo ya naitrojeni? Hata ukuta wa jengo hutoa miale yake.

Nina pia neno moja lisilo la fizikia. Nimefundishwa kuangalia kabla ya kusoma. Ndani ya bahasha mwandiko ni wako, nje ni wa mtu mwingine. Herufi zimelala upande wa kushoto, kwa mkono unaobonyeza kalamu. Naeleza tu nilichokiona.

Isakwisa Mwaijande


Lindvik, Uswidi
6 Februari 1994

Kwa Baba, mwenye nyumba ya Kawetele,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Nilitaka kukuandikia nikiwa na jambo kamili mkononi.

Volti nimezipima upya, ziko sawa. Miale ya kuta nimeihesabu bila mkondo na kuiondoa. Maswali yako yote mawili yalikuwa ya haki, kwa kuwa tatizo nilikuwa nalo, ila halikutoka huko. Lilitoka mahali pabaya zaidi.

Kipimo changu kinatoka chini ya kile cha Profesa Hallgren. Si chini kidogo. Kinapungua kwa karibu sehemu moja ya saba kisahani kikiwa kipya, kisha hupanda kadiri kisahani kinavyopigwa, mpaka kukifikia chake. Nilidhani nimekosea, nikarudia. Nikabadilisha kigunduzi, nikarudia. Ndipo nikafanya jambo ambalo ungelifanya wewe siku ya kwanza: niliweka kisahani kitupu kisichopakwa naitrojeni hata chembe. Mwanzoni kilinyamaza. Kadiri mkondo ulivyoendelea kukipiga, kikaanza kutoa miale, na miale ikaongezeka. Nilipokitoa, pale mkondo ulipogonga palikuwa na doa jeusi, mfano wa masizi chini ya chungu cha mama.

Ni kaboni. Pampu zinazofyonza hewa zinatumia mafuta, mvuke wa mafuta hayo huingia kwenye bomba, na mkondo wa protoni huuunguza juu ya kisahani. Kaboni hiyo nayo humeza protoni na kutoa miale inayofanana sana na ya naitrojeni. Nimefunga bomba la shaba karibu na shabaha na kulipoza kwa naitrojeni iliyo kimiminika. Mvuke hugandia huko na haufiki. Doa halitokei tena. Zile hesabu za ziada zimetoweka.

Sasa unaona ilipo shida. Katika maandishi ya Profesa sikuona popote bomba kama hilo. Hesabu zake zilikuwa na masizi ndani yake, na vitabu vyote vimekuwa vikiyanukuu masizi hayo. Mzee huyu alinipokea uwanja wa ndege yeye mwenyewe, akanipa koti la mkewe. Akitokea mwisho wa ukumbi, miguu yangu yenyewe hutafuta kona ya kupinda. Nimefika mahali pa kusikiliza kikohozi chake. Nimefikiria kuandika tu kwamba vipimo viwili vinatofautiana na sababu haijajulikana. Hautakuwa uongo kamili.

Fred anasema nimkute asubuhi kabla hajanywa kahawa, maana hapo hana nguvu za kugombana. Sijafanya hivyo.

Atuganile


Kawetele, Tukuyu
3 Aprili 1994

Mama Lusungu,

Umeandika: "hautakuwa uongo kamili." Sentensi hiyo nimeipigia mstari mwekundu, kama nilivyowafanyia wengine.

Unamcha mzee huyo kwa jinsi ulivyojifunza kunicha mimi. Sikiliza basi kutoka kwa mwenye mwiko. Mwiko wetu unakataza uso na ulimi. Haujawahi kukataza ukweli. Mkwe akiona moto juu ya paa la baba mkwe wake hangojei mtu wa kumpitishia habari; anapiga kelele, na hakuna mzee wa Kawetele atakayemtoza faini. Sababu unaijua. Ukiandika kwamba haijajulikana, utakuwa umempaka mtu wa pili masizi yale yale, naye atakuwa wewe.

Mwonyeshe kisahani. Usimweleze kwanza; mwonyeshe. Mwalimu wa kweli hawezi kubishana na kitu alichokishika.

Suala la bahasha hukulijibu. Swali langu sirudii.

Isakwisa Mwaijande


Lindvik, Uswidi
19 Juni 1994

Kwa Baba, mwenye nyumba ya Kawetele,

Shikamoo. Nilimwonyesha. Alikishika kisahani, akakipeleka dirishani, akakigeuza na kukinusa. Nikaanza kuandaa maneno ya kuomba radhi. Kisha akafungua mlango na kuita ukumbi mzima kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo: "Njooni muone masizi yangu! Nimeishi na masizi haya tangu nikiwa na nywele!" Wakaja wote. Akaniamuru nieleze mwanzo hadi mwisho, naye akawa anatikisa kichwa kila hatua, kama mtu anayesomewa barua ya nyumbani. Mwishowe akasema jina lake lisiwekwe kwenye chapisho, kwa kuwa kazi si yake. Atasoma tu na kuonyesha makosa.

Kwa hiyo, Baba, ni chapisho la mtu mmoja. Jarida limelikubali. Nambari hiyo sasa ina mpimaji, na mpimaji huyo alijifunzia sumaku nyuma ya ukuta wa jiko la Kawetele. Nilitaka uyasome maneno hayo kabla ya mtu mwingine.

Nakala nitakutumia mara itakapotoka. Sina neno jingine. Nimefurahi kupita kiasi kinachoandikika.

Atuganile


Makandana, Tukuyu
15 Januari 1995

Mama Lusungu wangu,

Habari za baridi? Huku kuna mvua, matope, na wateja wa mabati. Barua zako mbili kwa mzee umeona hazijajibiwa, nami nimechoka kukuambia "ana shughuli." Hana shughuli. Amekasirika. Acha nikueleze lilivyokuwa, maana yeye hatasema.

Nakala yako ilifika mwishoni mwa Novemba. Mzee hakuifungua. Aliivalia koti. Akatuma watu wawaite akina baba wote, akachinja jogoo, mama akapika ndizi za maziwa. Wakakaa sebuleni, Baba Ambilikile kwenye kiti cha mbele kabisa. Mzee akaanza kusoma kichwa cha habari kwa Kiingereza, polepole, anatafsiri neno moja moja. Kisha akasema, "Na sasa jina la mpimaji." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Baba Ambilikile akasema, "Soma, Mwalimu. Hatuna haraka."

Mzee akasoma: "A. Mwambenja."

Unajua Baba Ambilikile alivyo. "Mwambenja wa wapi? Yule wa Matwebe, mkwe wetu? Kumbe ndiye aliyepasua atomu! Hongera zake. Sisi tulitoa ng'ombe, yeye katoa kitabu." Wakacheka mpaka jogoo akapoa. Hata mama aliinamisha uso nikaona mabega yanatikisika, Mungu amsamehe. Mzee akalikunja karatasi lako, akasema, "Mvua inakuja, naangalia mahindi," akatoka. Hapakuwa na mvua. Hata wingu.

Jioni akaniita. Anaongea kama anasahihisha mtihani, unamjua. "Lwitiko, nina mambo mawili ninayoyaona. Mkeo amechapisha kwa jina la baba yake. Na bahasha zinazoletwa kwangu zinaandikwa na mwanaume. Je, ninaunganisha vibaya?" Mimi nikacheka, nikadhani ndiyo njia ya kumtuliza. Nilikosea, Mama Lusungu. Alinitazama mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

Halafu nikarudi dukani nikazitoa barua zako mimi. Zangu zote umeziandika mwenyewe juu: "Lwitiko, Duka la Misumari, Makandana." Za mzee, mwandiko mwingine. Najua ni huyo Fred. Mwandiko wake mzuri kweli, kamwambie. Mimi sina wivu, nina swali. Kwa nini barua ya baba yangu iandikwe na mtu wa Mbale?

Mwandikie mzee. Usimwombe msamaha kabla hujamweleza, hapendi.

Lusungu amejifunza kuendesha baiskeli ya duka. Inauzwa, lakini sasa ina mwenyewe.

Wako,
Lwitiko


Lindvik, Uswidi
12 Februari 1995

Kwa Baba, mwenye nyumba ya Kawetele,

Shikamoo. Lwitiko ameniambia. Nitaeleza kwa mpangilio, nawe utahukumu.

Ulisema kwamba mwiko hauhusu kalamu. Ulisema hivyo kwa wema, nami nilipokea ruhusa ya kukuandikia. Lakini kalamu hushikwa na mkono, na mkono huu ndio uliojifunza kuficha uso nilipokusikia ukikohoa. Nilipomaliza barua ya kwanza nikachukua bahasha, nikaandika sanduku la posta, nikaandika Tukuyu, nikaandika Tanzania. Palibaki mstari wa juu. Nilikaa na mstari huo mpaka Fred akauliza kama nimesahau anwani ya kwetu. Nikampa nakala ya kitambulisho cha Lwitiko, chenye jina lako, nikamwonyesha jina hilo kwa kidole, naye akaliandika. Amefanya hivyo kila mara. Ana mke na watoto watatu, na ananiuliza kila wiki kama yule mzee asiyetajwa hajambo.

Sikukujibu ulipouliza kwa sababu jibu lenyewe lingenilazimu kulizungumzia jina ambalo sina ruhusa ya kulikaribia.

Chapisho ni jambo lile lile. Vyeti vyangu vyote vina jina la kabla ya ndoa. Nilipofika hapa, mwandikishaji aliniuliza kama nataka kuandikishwa kwa jina la mume. Fikiria, Baba. Jina lililo mlangoni ndilo watu wanaloliita ukumbini. Ndilo mtu anayejitambulisha huanza nalo. Simu ikilia hapa, mtu haulizi "nani?"; anataja jina lake yeye mwenyewe. Ningelitamka kutwa nzima, mbele ya watu wasiojua kwamba ninatukana. Nikamwambia aliache jina la kwetu kama lilivyo.

Najua ulichowaahidi wazee. Kila siku ya kazi ile nilijua. Nilikuwa na njia mbili: kuitimiza ahadi yako kwa kuuvunja mwiko wako, au kuushika mwiko na kuivunja ahadi. Nilichagua kushika kile ulichonifundisha kwa miaka yote, dhidi ya kile ulichosema mara moja. Huenda nilichagua vibaya. Ila sikuchagua kwa dharau.

Atuganile


Kawetele, Tukuyu
17 Aprili 1995

Mkamwana wangu,

Barua yako nimeijibu mara tatu na kuchana mara tatu. Hii ni ya nne, na ni fupi kwa kuwa hoja imekomaa.

Kanuni yangu ilikuwa na kasoro. Nilitenga ulimi na kalamu kana kwamba ni vya watu wawili. Ningeisahihisha kazi ya mwanafunzi yeyote aliyefanya hivyo. Matokeo yake ni kwamba jina nililotaka lifike mbali nilikuwa nimelifungia kwa mtu pekee aliyeweza kulifikisha. Uliyoyaona ndiyo yaliyokuwemo ndani ya kanuni tangu mwanzo. Wewe uliifuata mpaka mwisho. Mimi niliishia katikati na kuiita utaratibu.

Nilimwita Ambilikile peke yake, nikamsomea barua yako yote. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo sijaliona tangu tulipokuwa tukichunga pamoja. Mwishowe akasema, "Kwa hiyo amekuheshimu mpaka akakufuta?" Nikamjibu, ndiyo. Akasema, "Mimi wakwe zangu wananiita Ambi." Kisha akaomba alione lile karatasi tena, akalishika kwa mikono miwili, na alipofika nyumbani kwake akawaambia watu kwamba yeye ndiye aliyenishauri nikuruhusu kwenda.

Mimi nami nimelisoma upya, safari hii bila kutafuta jina. Mchoro wa tatu, ule wa hesabu kabla na baada ya bomba la shaba, nimeunakili ubaoni shuleni. Sikuona pa kuweka mstari mwekundu. Katika maisha yangu yote ya kusahihisha hilo limenitokea mara chache, na sikumbuki lini nililiandika, basi naliandika: kazi hii ni safi.

Usiliombe jarida libadilishe chochote. Kilichochapishwa ni kumbukumbu ya kipimo na ya aliyepima, siku ile, kwa jina lile. Kipimo hakirekebishwi ili mzee afurahi mbele ya nduguze. Mwambenja wa Matwebe nimemwandikia kumpongeza. Alistahili, alikulea kabla yangu.

Lililobaki ni moja. Juzi, mbele ya mama yako mkwe, Lwitiko na Ambilikile, nimetangaza kwamba mwiko kati yako na mimi umekwisha, kwa tamko langu mimi mwenye nyumba. Sikukuondolea ili uandike jina langu popote. Nimekuondolea kwa sababu umekwisha kuushika kuliko mtu yeyote ninayemjua, na kitu kilichoshikwa hivyo kinaweza kuwekwa chini bila kuvunjika. Utakachofanya ni juu yako.

Msalimie Fred. Mwandiko wake umelala kushoto, lakini anwani haikupotea hata mara moja.

Isakwisa Mwaijande


Lindvik, Uswidi
8 Oktoba 1995

Mwalimu Isakwisa Mwaijande,
Kawetele, Tukuyu.

Baba, shikamoo.

Bahasha umekwisha kuitazama, najua, kabla ya kuifungua. Herufi zimesimama wima. Mstari wa juu nilikosea herufi moja nikaikata; nimeuacha hivyo hivyo, kwa kuwa nawe ungetaka kuona data yote. Fred alisimama mlangoni akitazama, akasema amefukuzwa kazi.

Ijumaa nilitetea tasnifu yangu. Ukumbi ulijaa, na mtahini alitoka chuo kingine akiwa amenoa kisu. Alinishambulia kwenye kaboni mpaka maji yalipokwisha kwenye glasi yangu. Nilimpa kisahani akishike. Baada ya hapo aliuliza mambo ya adabu tu. Mwisho, kwa desturi yao, akaniuliza ni mwalimu gani aliyenifanya niipende fizikia. Nikasimama nikalisema jina lako, lote, mara ya kwanza katika maisha yangu, kwa sauti iliyofika kiti cha nyuma. Nilidhani kitu fulani kitaanguka. Mtahini akaomba nilirudie ili aliandike sawasawa. Nikalirudia. Profesa Hallgren, aliyekaa mbele, alilijaribu kimyakimya mara mbili tatu, midomo ikicheza, kama mtu anayeonja chakula asichokijua.

Tasnifu imechapwa, na chapisho la pili limekwisha kupelekwa. Juu ya yote mawili mpimaji ni Atuganile Mwambenja Mwaijande. Hukuniomba. Ningekuwa nimeombwa, ningebaki nikijiuliza ni mkono wa nani ulioandika.

Ninafika Tukuyu wiki ya kwanza ya Desemba. Kuna maswali juu ya mchoro wa tatu ambayo hukuyaandika. Mwandiko wako huwa mdogo unapojizuia. Tutayamaliza mezani, wewe upande huu na mimi upande ule, na mama asilazimishwe tena kusikiliza habari za sumaku.

Siku hiyo utakapotoka shambani utaniona uani. Ukifika kwenye kona ya migomba, Baba, usikohoe.

Atuganile Mwaijande